Vitumbua Walivyokula Paka

Ilikuwa Ramadhani ile ya sukari kuadimika, sisi watu wa mtaa wa Kuze tukafuturu kwa kaimati kavu. Shira ya kuzichovya hakuna. Zikigonga meno kama kokoto, na mtu akizisifu wajua ana njaa tu. Ndio mwaka ambao mwanangu wa kumzaa alinidanganya, mwezi mtukufu, ndani ya nyumba yangu.

Mjukuu wangu alikuwa na miaka kumi na mitatu, na ana kifafa. Nalitaja jina lake waziwazi, maana nyumba nyingi huku hulitafutia shuka la kulifunika: kizunguzungu, upepo, jicho la watu. Ni kifafa, na kina dawa, tembe asubuhi na tembe jioni. Kliniki walisema mwaka huo asifunge. Ale, anywe dawa kwa wakati, alale ashibe usingizi. Mwalimu wake wa madrasa naye akasema mgonjwa ana ruhusa. Nani tena wa kuulizwa?

Na mtoto mwenyewe si wa kuchezewa. Alikuwa kahifadhi juzuu tatu, na sauti yake ukiisikia unasimama na kikapu chako. Mimi nikisimama chini ya dirisha la madrasa makusudi, ili wapitao waniulize yule ni wa nani.

Binti yangu, mamake mtoto, ndiye aliyeleta sharti.

"Sawa, Mama, na ale. Lakini ale juu, chumbani, mlango ufungwe. Watoto wa mtaa wakimwona watamwita kobe."

Kobe ndilo jina la anayekula mchana wa Ramadhani. Watoto hulifanya wimbo, wakakufuata nalo mpaka Makadara. Nikaona ni maneno ya adabu, mwezi una heshima yake. Nikakubali.

Basi kila asubuhi nikipika mwenyewe. Vitumbua, yai, chai ya maziwa, tembe kwenye kisahani, juu nafunika kawa. Nikifika chini ya ngazi binti yangu yuko hapo ananingoja. "Lete, Mama. Na magoti yako hayo, utapandaje?" Nami nikimwombea dua, Mungu ampe wa kumwonea huruma uzeeni kama yeye anionavyo mimi. Sahani ikirudi nyeupe. Tembe ya jioni nikimwachia yeye ampe.

Siku moja nikamuuliza jirani yangu, "Mbona paka wa uchochoro huu wananenepa Ramadhani? Mwezi huu si hukonda?"

"Labda wao futari yao ni ya mapema," akasema.

Tukacheka. Mimi ndiye niliyecheka zaidi.

Mjukuu wangu alianguka alasiri moja, mimi nikikaanga sambusa. Nilisikia kishindo ngazini, kufika namkuta mwili wote unamtikisika. Kifafa kikitulia kidogo kinaanza tena kabla hajafumbua macho. Mamake akaja mbio na kijiko, ataka kumtia mdomoni. Nikakipiga kikaruka.

"Usimtie kitu! Mlaze ubavu!"

Tuktuk haiingii uchochoroni kwetu. Wanaume wakambeba kwa blanketi mpaka barabarani, na bado kinampiga.

Hospitali walimdunga sindano, kikakoma. Daktari, binti wa Kigiriama mwenye sauti ndogo, akauliza, "Dawa alikunywa lini mara ya mwisho?"

"Leo asubuhi," nikamjibu, kifua mbele. "Na jana, na juzi. Napeleka mwenyewe."

Binti yangu akatazama sakafu. "Tangu mwezi uandame hajanywa."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akaendelea, nusu kwangu, nusu kwa daktari: "Zilikuwa zikimlevya, haamki daku. Na yeye mwenyewe alitaka kufunga kama wenzake. Nimechoka mwanangu kuitwa kobe, Mama."

"Na vitumbua vyangu?"

"Dirishani."

Sikumpiga. Zile dua nilizomwombea chini ya ngazi ndizo zilizoniuma, natamani ningeweza kuzirudisha.

Nikamwambia daktari anieleze kama anavyoelezwa mtu asiyesoma, maana sikusoma. Akasema ubongo una chembe nyingi nazo huitana. Moja huirushia nyingine dawa kidogo ya kuiamsha, ikaamka, ikatulia. Kifafa kikiwa kirefu zinaitana bila kutulia. Ile dawa ya kuamshana humwagika nyingi, milango ya chembe ikabaki wazi, madini yakaingia kwa wingi, ikavimba, ikafa.

"Kwa kuitwa tu?"

"Kwa kuitwa kupita kiasi, Bibi."

Nikafahamu. Ni kama sokoni Marikiti siku ya kuamkia Idi. Hamali mmoja anaitwa huku na huku, njoo wewe, lete hapa, gunia juu ya gunia, mpaka anaanguka chini ya mzigo, na hakuna aliyemwua ila sauti. Tembe ndiyo inayowaambia watu wanyamaze. Usingizi nao ndio unaomkalisha hamali chini. Mwanangu alimnyima mwanawe vyote viwili, akanirudishia sahani nyeupe.

Mtoto alipona, Alhamdulillahi. Lakini juzuu zake zimetoboka. Anasoma vizuri, sauti ile ile, halafu anafika mahali anasita, ananitazama kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alilofuata. Daktari alisema zilizokufa hazirudi, ila zilizobaki zaweza kufundishwa njia nyingine. Tunazifundisha.

Nilimuuliza mtoto mara moja tu, "Kumbe na wewe ulinificha?"

Akasema, "Nilitaka uniombee kama mtu aliyefunga, Bibi."

Mwaka uliofuata sukari ilirudi. Asubuhi ya kwanza nikaweka mkeka ukumbini, mbele ya mlango wa njiani, nikaandaa vitumbua na tembe. Binti yangu akashuka na kawa mkononi.

"Mama, hapa ndipo utamlishia? Watu wote wanapita! Funga basi mlango, nitakaa naye mimi."

"Mlango sifungi."

"Ni adabu ya mwezi."

"Adabu nishaiona, wameila paka."

Akatupa kawa, akapanda juu analia. Mtoto akaketi. Hajala tonge la kwanza, watoto wakapita njiani, mmoja akachungulia: "Kobe! Kobe huyoo!" Wenzake wakaitikia, wimbo ukaenda nao mpaka kona.

Mjukuu wangu aliinamisha kichwa. Akaitia tembe mdomoni, akanywa chai, akafungua kinywa nimwangalie, ulimi juu, ulimi chini. Machozi yalikuwa yakimtoka.

"Bibi, nakuomba. Funga mlango."

"Mlango sifungi."