Ndoo ya Mama Zuhura

Hadi leo nikisikia maji yakimwagwa uani, pwaa, moyo hunipasuka, nami hurudi Newala nikiwa na miaka minane.

Biashara ya mitumba ilikuwa ndiyo kwanza imeruhusiwa nchini. Mama alipanda pikapu Masasi na furushi lake la mitumba kwenda kuuza kule juu mlimani, nami nililia mpaka akanichukua. Gesti zilishaanza kuota mjini Newala, lakini mama alisema mwenye shoga halali gesti, kwa hiyo tukafikia kwa Mama Zuhura.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," mama alitania mlangoni.

Jamani, tulilishwa. Ugali wa muhogo na kisamvu kilichoungwa kwa korosho za kutwanga, kizito, kinanukia moshi. Nilikula mpaka tumbo likakaza. Kisha Mama Zuhura akaniwekea bafuni ndoo nzima ya maji.

"Oga, mwanangu. Sisi tumeshaoga."

Kwetu Lupaso, kijijini huko Masasi, kisima kilikuwa jirani. Nilijimwagia makopo matatu, na maji yaliyobaki nikayamwaga uani ili nirudishe ndoo tupu, kama nilivyofundishwa. Pwaa. Mama alinitupia jicho ambalo hata sasa sitamani kuliona. Aliyecheka ni Mama Zuhura.

"Maji yakimwagika hayazoleki. Kesho utayafuata na mwenzio."

Mwenzangu alikuwa Zuhura, binti yake wa rika langu. Alfajiri alinipeleka hadi ukingo wa mlima, nikasimama kinywa wazi. Ardhi iliishia miguuni petu. Chini kabisa ulitanda ukungu, Mto Ruvuma ukimeta katikati yake, na ng'ambo ikawa Msumbiji. Mwewe akapita chini yetu. Maishani mwangu sikuwahi kuuona mgongo wa mwewe, na aibu yangu yote ya jana nikaisahau.

"Twende," Zuhura alisema. "Maji yako huko chini."

Tulishuka hadi kwenye maji, tukajaza ndoo. Kupanda ndiko kulikonitoa machozi, ndoo ikinichuruzikia shingoni. Nilimfuata Zuhura nyuma, macho yangu usawa wa miguu yake, ambayo ilijaa vumbi jekundu la jana. Nikajisemea, mtoto huyu mchafu, hata kuoga hajui.

Miaka mingi baadaye nilipata wageni wiki ambayo bomba letu lilikauka. Niliwawekea ndoo ya mwisho, nikasikia mdomo wangu ukisema, "Ogeni, sisi tumeshaoga." Ndipo nilipoiona tena miguu ya Zuhura, na haya zikanishika upya, mtu mzima mimi.