Tante Tuliyemwita Kamyo

Asubuhi hii nilikaa mbele ya nyumba nikichambua pondu, majani ya muhogo, fundi akifungua pikipiki ya mjukuu wangu. Mjukuu alikuwa ameleta cheni mpya tu, inang'aa kama samaki aliyetoka majini sasa hivi. Fundi akatazama lile gurudumu la meno la nyuma, akacheka.

"Petit, mudogo wangu, meno haya yamekwisha, iko kama kucha za kuku. Ukiweka cheni mupya hapa itaruka tu, hata ukibeba mutoto. Cheni, meno ya mbele, meno ya nyuma, vyote pamoja, ao tunaacha."

Majani ya pondu yakanibaki mkononi.

Wewe hukumjua tante wangu, dada mdogo wa papa. Papa alikuwa na baiskeli ya kubeba watu, toleka, na cheni yake tuliisikia kutoka mbali: kra, kra, kra. Mama akiisikia, anateleka maji ya fufu, ugali wetu wa muhogo. Siku tante anaolewa, papa akasema dada yake hatakwenda kanisani kwa miguu. Akafunga cheni mpya, akaipaka mawese mpaka uwanja ukanukia kama jikoni, akafunga maua kwenye usukani. Meno yalibaki yale yale. Nani alijua?

Kwenye mpando wa kutoka mtoni, watu wanaimba pande zote, cheni ikaruka. Papa akairudisha. Ikaruka tena. Tante akashuka, gauni jeupe lina matone mekundu ya mawese, akaanza kutembea. Muuza makayabu mmoja, wale samaki wa chumvi, akapaza sauti, "Bwana-arusi, huyu utamubeba na kamyo."

Watu wakacheka. Sisi watoto wa nyumbani tukacheka. Papa naye, kwa aibu ya baiskeli yake, akacheka akasema, "Dada yangu anapenda fufu sana."

Basi jina likabaki: Kamyo, lori la mizigo. Tangu siku ile tante hakupanda tena nyuma ya mtu. Sokoni kwa miguu, hata kwenda kuzaa kwa miguu. Akija kwetu alisukuma sahani mapema, anasema ameshiba, na mimi nilimaliza fufu yake kwa furaha. Nikimkumbuka sasa, shingo yake ilikuwa nyembamba kama ya kware.

Kumbe ni meno.

Mtaa mzima unajua mdomo wangu, siogopi mtu. Leo nilimwambia fundi abadilishe vyote, kisha nikainamia pondu yangu. Mjukuu akawasha, akaenda. Nilitega sikio kwa ile kra, kra. Hakuna. Papa hayupo, toleka zenyewe siku hizi unazitafuta huzioni, na wa kumwambia tante kwamba hakuwa na kosa, sijui ni nani.

Siku ya kumzika, wanaume walipoinua sanduku, mmoja alisema, "Mbona nyepesi hivi?" Tulitazama chini, sote.