Siku Shemeji Alipompisha Mama

Miaka ya hamsini, Waingereza wakiwa bado wanatutawala, mashindano ya mbio za nyika baina ya Tanganyika, Kenya na Uganda yaliletwa Tabora. Katika timu ya Tanganyika alikuwemo shemeji yangu, mume wa dada, kibarua wa reli mzaliwa wa Tura. Sisi wa kijiji cha Ntalikwa tulijiona kama tumechaguliwa wote.

Isipokuwa mama. Mama hakumtaka. Alisema mwanamume mzima anayekimbia bila kufukuzwa ana walakini; babu yangu aliyebeba pembe za ndovu hadi pwani angalau alikimbizwa na njaa. Kwetu mama mkwe na mkwewe hawatazamani. Wakikutana njiani, mwanamume huingia porini mpaka mama apite. Haya hiyo huondoka siku mama mkwe akiridhika, akapika kuku na kumwita mkwewe ale kwake. Dada alikwisha kuzaa mara mbili, na kuku huyo alikuwa hajapikwa. Jambo hilo lilimuuma shemeji kuliko alivyokuwa tayari kusema.

Siku ya mbio mama akasema haendi. Tulikwenda bila yeye, tukajipanga kwenye njia ya zamani ya misafara, mahali inapobana kati ya miti ya miyombo, karibu na mwisho. Tulipigia vigelegele kila fulana ya Tanganyika.

Akatokea shemeji, wa pili, anamkaribia Mkenya wa mbele. Nilipiga kelele hadi sauti ikakauka. Ndipo nikamwona mama ng'ambo ya njia, kanga ya kanisani kichwani, kibuyu cha maji mkononi. Alikuja peke yake kwa kupitia mashambani. Furaha ikamsahaulisha yote, akaingia katikati ya njia.

"Kimbia, baba! Kimbia!"

Shemeji akamwona. Akainamisha macho, akatoka njiani, akasimama nyuma ya mti huku kifua kikipanda na kushuka, akingoja mama mkwe wake apite.

"Shemeji, rudi! Ni mbio hizi!" nilimfokea.

Mama alipigwa na butwaa, hajui aende mbele au nyuma, na maadamu yeye amesimama, shemeji hasogei. Wakapita Wakenya, wakapita Waganda, wakapita hata wenzake. Dada ndiye aliyemvuta mama kwa mkono. Hapo hapakuwa tena na cha kukimbilia, lakini shemeji alikimbia hadi mwisho.

Mzungu msimamizi wa timu alimuuliza kwa nini alitoka njiani. Alisema alichomwa na mwiba. Nilikasirika nusura nilie. Nilitaka aseme ukweli, mama aaibike mbele ya watu. Leo, nikiwa na wakwe wangu mwenyewe, naona asingemtaja hata kwa viboko. Sisi tulikwenda kuishangilia Tanganyika. Yeye alikuwa na mtu mmoja tu aliyetamani amshangilie, na mtu huyo alipofika ndiye aliyemharibia mbio.

Jumapili iliyofuata tulikuwa tunarudi kutoka kanisani, mama akiwa mbele. Shemeji akaja kutoka upande wa pili, akatuona, akaanza kuelekea majanini. Mama akamwahi. Aliingia yeye kwenye majani na viatu vyake vya Jumapili, akasimama huko akimtazama usoni.

"Pita, mwanangu," alisema. "Leo nakupisha mimi. Kuku yuko jikoni."