Friji Iliyogoma Kutoka

Uchumba wangu ulivunjwa na friji.

Si mwanamke mwingine, si mahari. Friji. Tena ilikuwa bado haijachomekwa kwenye umeme.

Huku kwetu mjini Zagazig, nyumba anatoa mume. Friji, jiko, mashine ya kufulia na mazagazaga mengine yanatoka kwa bibi harusi. Vinapakiwa kwenye magari, vinazungushwa mtaani kwa ngoma, watu waone.

Sasa binamu yangu Sausan alikuwa ameingia kwa mumewe na friji ya milango miwili. Mama yangu akakosa usingizi.

Dukani nikamwonyesha ya kawaida. "Mama, tutakuwa watu wawili tu."

"Na Sausan akija kukutembelea, nifiche wapi uso?"

Akachagua dude la kijivu, pana kama kabati la nguo, linalotema barafu lenyewe. Hakuna aliyeuliza upana wa mlango.

Siku ya kupeleka vyombo dude likagoma mlangoni kwa mchumba wangu Wagdi. Ikaitwa winchi, likapandishwa ghorofa ya tatu, likaingizwa kupitia roshani. Vigelegele mtaa mzima! Mama alilia kwa furaha.

Mlango wa jikoni nao ulikuwa mwembamba. Likaishia sebuleni.

Hajat Firdausi, mama wa mchumba wangu, alivumilia mpaka akachoka. Akatuita palepale sebuleni.

"Mama Nashwa, wageni wangu watadhani wamekuja kununua soda."

"Afadhali soda, Hajat. Sisi kwako tulipewa maji ya bomba."

Weee!

"Chukua kabati lako la barafu uondoke nalo!"

"Naondoka nalo, na binti yangu pia!"

Mimi na Wagdi tulisimama ukutani kama mapazia. Wagdi ni fundi miwani, mtu wa maneno machache, anacheka kwa macho. Nilimpenda kwelikweli. Siku hiyo macho yake hayakucheka.

Kesho yake Mama akaja na wapagazi na winchi. Kufika, ndipo akaona roshani imezibwa kwa vioo! Hajat alikuwa ameijenga upya kwa ajili ya harusi baada ya friji kuingia.

"Vunjeni!" Mama akasema.

"Kikipasuka kimoja tu naita polisi!"

Mpagazi akakuna kichwa. "Kwani milango ya friji yenyewe haing'olewi?"

Wagdi akajibu haraka. "Hii ya kisasa. Ukigusa nati moja inaungua yote."

"Msiguse!" Mama akapiga kelele.

Basi friji ikabaki. Mama naye akabaki, akiilinda isitumiwe. Hajat akabaki kumlinda Mama. Kila siku wanakuja, wanakaa, wamenuniana, joto linawachoma.

Siku moja Hajat akakohoa. "Tuijaribu tu, isije ikawa mbovu."

Barafu ikatoka. Wakanywa karkade ya baridi, ile juisi nyekundu ya maua. Glasi ya pili, wakaanza kumsengenya mama yake Sausan. Lilipofika jagi la tatu, harusi imerudi.

Asubuhi ya kwanza ya ndoa, nimeweka chai jikoni, namwona Wagdi na spana. Akaing'oa milango yote miwili ya friji, tukaisukuma mpaka jikoni, akairudishia. Chai haijachemka.

Nikamkodolea macho. "Ulijua?"

"Tangu usiku wa ugomvi. Nilimuuliza dada yangu, anayo kama hii."

"Na ile ya kuungua yote?"

"Ningesema inang'olewa, wangeitoa siku ileile. Na wewe ungeondoka nayo."

Chai ilipochemka, nikamwongezea sukari.

Mama zetu walipokuja, walizunguka friji kama polisi.

"Imepitaje?" Mama akauliza.

"Imepungua, Mama," Wagdi akasema, uso mkavu. "Mpya hizi zikishaanza kutumika hupungua."

Mama akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Jioni nikamsikia kwenye simu na mama yake Sausan: "Yenu bado haijapungua? Mmeuziwa feki, pole."

Ndugu zangu, kabla hujalipia friji, pima mlango. Na kabla hujakubali kuolewa, tazama mwenzio anafanya nini siku mama zenu wanagombana. Mlango unapimwa kwa futi. Mume utampima kwa uongo atakaokubali kusema ili usiondoke.