Mama alivyomjibu kijana wa fizio "nasikia", kumbe hasikii kitu

Wakuu, za wikendi. Leo nimemkumbuka sana marehemu mama, acha niwasimulie. Chumvi sitii, ilivyokuwa ndivyo ilivyokuwa.

Mama aliteleza kisimani kwetu Rutamba, akaangukia bega la kulia. Mfupa ulikuwa mzima, ila kunyoosha mkono mbele ilikuwa kilio.

Sasa sisi tunakula sinia moja, kwa mkono wa kulia. Mama akaona aibu kutia wa kushoto mbele ya watu. Akawa anakula chumbani peke yake. Mama yule aliyekuwa anamega tonge huku anatutania wote! Nyumba ilipoa jamani.

Nikampeleka hospitali Lindi mjini. Kijana wa fizio, wale wa mazoezi ya viungo, akampa shikamoo, akambandika vipedi begani, akawasha kimashine cha umeme wa kutuliza maumivu ili aweze kufanya mazoezi. Anapandisha umeme polepole huku anauliza, "Mama, unasikia?"

"Nasikia, mwanangu."

Basi anaishia hapo.

Session tatu, maumivu yale yale. Nikaanza kukata tamaa.

Tukiwa tunarudi mama akasema, "Yule kijana ana adabu, ila ananichosha. Kila saa ananiuliza kama namsikia. Kwani mie kiziwi?"

"Mama, anauliza kama unausikia umeme!"

"Umeme gani? Mie namsikia yeye."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikajilaumu, maana mimi nilikuwepo siku zote tatu.

Tuliporudi hospitali nikamweleza kijana, akaomba radhi, akabadili swali. "Mama, begani unahisi nini?"

"Sihisi kitu."

Akapandisha. Bado. Akapandisha tena kidogo.

"Yalaa! Sisimizi wanatembea! Hapo hapo, usiongeze!"

Maumivu yakalegea, mazoezi yakawezekana. Msije mkakimbilia kununua mashine mtandaoni, mazoezi ndiyo yalimaliza kazi, na yalichukua wiki nyingi.

Ijumaa moja tumezunguka sinia, wali na samaki wa nazi. Mama akatoka chumbani, akanawa, akakaa. Akanyoosha mkono wa kulia mpaka katikati. "Bismillahi."

Akamega tonge, akanitia mimi mdomoni, mtu mzima na ndevu zangu. Nililia, sioni haya kusema.

Nilichojifunza: ukimsindikiza mzazi hospitali, usikae tu kama mzigo. Sikiliza kaulizwa nini na kajibu nini.

Waliopitia mambo haya na wazee wao, tiririkeni hapa chini.

Mama hakula tena peke yake, mpaka Mungu alipomchukua.