Mbege Niliyoipigia Hesabu

Mimi na hesabu tulipendana mno, na hilo ndilo lililoniponza. Miaka ile Mwingereza bado anatawala, nilikuwa mwalimu kijana kule Masama, penseli sikioni na majivuno ya kutosha vijiji vitatu. Nilitaka kuoa. Baba wa binti, mkulima wa kahawa huko Mkuu, akaniletea neno: nipeleke mbege Jumapili baada ya misa, aionje. Ikiwa nzuri, tuzungumze. Ikiwa mbaya, nisikanyage tena kwake.

Mbege, pombe yetu ya ndizi mbivu na ulezi, ina siku moja tu ya heshima. Jana yake ni uji, kesho yake ni siki. Mama alipika ndizi, akaziacha zichachuke, na Jumamosi alfajiri, saa kumi na mbili, akachanganya uji wa ulezi. Nikaweka alama ya povu kwenye pipa. Saa sita mchana povu lilikuwa limepanda vidole viwili. Nikagawa: theluthi ya kidole kila saa. Nikamtangazia mama kwamba kwa mwendo huo povu litafika ukingoni mwa pipa, yaani mbege itaiva, kesho saa saba mchana, bila kukosea.

Mama aliinama, akatega sikio kwenye pipa.

"Mwalimu, wewe umehesabu na usingizi wake wote wa asubuhi," akasema. "Saa hizi inanong'ona. Kesho itapiga kelele, na hutakuwa na sikio la kuisikiliza."

Nikacheka. Mama hajui kusoma, nikajisemea. Mungu anisamehe.

Jumapili asubuhi mama alijaza vibuyu viwili, akaviziba kwa majani ya mgomba, legelege, vipate kupumua. Tulipofika barabarani, mimi na baba mdogo aliyekwenda kunisemea, nikayatupa yale majani. Sikutaka kumfikia mkwe na vibuyu vinavyotoka mapovu mdomoni! Nikagongomea vizibo vya mti, nikavifunga kwa kamba. Lori likatutelemsha hadi Moshi, jua kali, mashimo kila hatua. Nikafungua daftari: saa tatu, bado saa nne nzima. Kumbe kitu kinachochachuka hakiendi hatua sawasawa kama askari wa gwaride. Huanza kwa kujikokota, kisha hupamba moto, na joto na mtikisiko huzidi kukichochea. Wastani wangu ulikuwa wa jana, tena wa kwenye baridi.

Lori la pili likatufikisha Mkuu saa sita. Mzee alikuwa amekaa uani na kofia yake ya kanisani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwa—"

Pwaa! Kizibo kiliruka na kofia yake hadi kwenye mibuni. Povu likamshukia koti zima. Baba mdogo akapiga ishara ya msalaba. Nilitamani ardhi inimeze.

"Hii ni mbege au bunduki?" mzee akauliza.

"Baba, kwa wastani ilikuwa bado—"

"Wastani ndio umenivua kofia?"

Hapo binti akatoka jikoni na kata ya kunywea mkononi. Hakunitazama. Alipiga magoti kando ya kibuyu cha pili, akakitegea sikio, vilevile kama mama.

"Baba, hii inywewe sasa hivi. Tukingoja chakula, nayo itaondoka."

Akailegeza kamba polepole, pumzi ikatoka pssss, akamimina. Kwa desturi, aliyeleta huonja kwanza. Nikaonja. Jamani, ilikuwa tamu! Mzee akanywa kata nzima, akajifuta povu mdomoni, akaitazama kofia yake mibunini.

"Binti utampata," akasema. "Lakini pombe ya harusi atapika mama yako, na wewe usiikaribie na hiyo penseli."

Nyumbani mama aliniuliza iliiva saa ngapi.

"Ilipotaka yenyewe, mama," nikasema. "Nisamehe."