Bonge la Nailoni Nyuma ya Mlango

Mwanangu alikuwa na ng'ombe. Naanza hapo kwa sababu watu wa mtaani kwangu wakinisikia nagombana kuhusu taka wanadhani nina wazimu wa usafi. Sina. Nina mtoto, mtoto alikuwa na ng'ombe, na ng'ombe amekufa kwa taka.

Mama yangu anaishi Nkoaranga, kwenye kipande cha kahawa na migomba kilichoinama mlimani kiasi kwamba ukiangusha sufuria inasimama kwa jirani. Siku mwanangu alipobatizwa, mama alisimama mbele ya watu, mtori wa ndizi bado uko vikombeni, akasema yule mtamba mwekundu aliye bandani ni wa mjukuu wake. Kwetu neno kama hilo halirudishwi. Ng'ombe anabaki kwa bibi. Bibi anakata majani, anakamua, anachukua samadi. Lakini ndama jike ni wa mtoto, na watakaotoka kwa huyo jike ni wa mtoto, mpaka siku binti atakapotaka kusoma asikute banda tupu. Mimi nilipomaliza kidato cha nne nilikuta banda tupu. Mama hakusahau, na mimi pia sikusahau.

Mzao wa kwanza ulikuwa dume. Mama akacheka, akasema hata ng'ombe wa siku hizi wana utani. Akampandisha tena, tukawa tunasubiri. Huku nyuma maziwa yalikuwa yanatufikia Kijenge, huko mjini, ninakopanga chumba, kwenye kidumu kinacholetwa na kijana wa bodaboda wa kule kwetu. Mtoto alikuwa anakijua kile kidumu kuliko anavyomjua baba yake, ambaye yuko machimboni na simu yake inapatikana anapotaka yeye.

Basi ikaja habari ya kuchambua taka. Tuliitwa mkutano wa mtaa, bwana afya akasimama na salfeti mbili mkononi, vile viroba vya plastiki. Akasema taka zinazooza ziwekwe huku, zisizooza huku. Zinazooza, maganda ya ndizi, majani ya kabichi, masalia ya ugali, zitakwenda kwa wafugaji na kwenye mbolea. Zisizooza, chupa na nailoni na makopo, zitakwenda kutengenezwa upya. Nilimwamini. Kwa nini nisimwamini? Alisema vizuri, na nilikulia kwenye shamba, najua ganda la ndizi ni chakula cha ng'ombe.

Nikachambua. Jamani, nilichambua. Nyumba yetu ina wapangaji wengi na choo kimoja, na kila mmoja alinisikia. Niliokota pampasi kwenye salfeti ya maganda nikaipeleka mpaka mlangoni kwa mwenyewe. Mwanangu akajifunza kabla hajajua kuhesabu. Anakuja na kitu mkononi, "Mama, hii inaoza au haiozi?" Vijana wa gari la taka wakanipa jina, Mama Mazingira. Mmoja alikuwa ananiambia, "Sista, wewe unachambua taka kama mchele wa pilau. Siku moja utatuwekea na ndimu."

Kiangazi kilipokaza, majani kule juu yakawa shida. Mama alikuwa anakata migomba yake mwenyewe kumlisha ng'ombe, hata mgomba ambao bado haujazaa. Mimi nikakumbuka maneno ya bwana afya. Nikamfuata msimamizi wa gari, mwanamume mnene mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka, nikamuuliza kama ni kweli maganda yanakwenda kwa wafugaji.

"Yanakwenda, dada. Huko juu wanatugombania."

"Mama yangu yuko Nkoaranga. Mnapita?"

"Tunapita sana. Tuelekeze tu."

Nikamwelekeza. Nikampigia mama kwa furaha, nikamwambia chakula kinakuja, cha bure, kimechambuliwa na mikono yangu mwenyewe. Mama ni mtu wa kukagua. Mchele anaupepeta mara mbili, hata sadaka anaigeuza pande zote kabla hajaitoa. Lakini salfeti zile zilipoanza kufika, wiki baada ya wiki, hakuzikagua. Alizimwaga kwenye hori moja kwa moja, kwa sababu ya neno langu. Majirani walipouliza akawajibu, "Hizi zinatoka kwa binti yangu, zimechambuliwa."

Simu ilikuja asubuhi, napika uji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ng'ombe hacheui."

Mtu wa mjini ungemwambia hivyo angesema pole halafu angeuliza habari ya mvua. Mimi niliweka mwiko chini. Ng'ombe asiyecheua ni sawa na mtoto mchanga asiyelia.

"Tangu lini?"

"Jana nilidhani amechoka. Leo amevimba ubavu wa kushoto. Maziwa hayajafika hata kikombe."

"Na mimba?"

"Mimba ipo. Ndiyo ninayoiogopa."

Nilimfunga mtoto mgongoni nikapanda. Ng'ombe nilimkuta amesimama bandani, kichwa chini, pua kavu, macho kama ya mtu anayekusikiliza kwa adabu tu. Mama na jirani walikuwa wamemnywesha mafuta ya kula kwa chupa, yakamtoka pembeni mwa mdomo. Mtoto akashuka mgongoni akakusanya majani mawili matatu, akayaweka kwenye hori. "Kula," akamwambia. "Kula basi."

Daktari wa mifugo alifika jioni. Alibonyeza ubavu kwa ngumi, na alipoondoa mkono alama ya ngumi ikabaki pale, kama umebonyeza unga wa chapati. Akamwangalia mama.

"Bibi, huyu anakula nini?"

"Maganda. Ya mjini."

"Mh."

Ile "mh" yake bado naisikia. Alisema angeweza kumpasua akatoa kilichomo, lakini kwa udhaifu ule na mimba ile hatamdanganya mtu kwamba atapona. Akamchoma sindano, akasema akiamka asubuhi amesimama, tutajaribu.

Asubuhi alikuwa amelala, shingo imenyooka.

Tulimpasua kwa sababu mama alitaka kujua. Nyama haikuliwa, sindano zilikuwa nyingi mwilini, na mama asingekubali hata kama zisingekuwepo. Jirani mmoja mwenye uzoefu wa kuchinja ndiye aliyeshika kisu. Alipofungua tumbo alirudi nyuma, akasema kwa sauti ya chini, "Haki ya Mungu." Halafu akaingiza mikono yote miwili akatoa bonge.

Lilikuwa kubwa kama mto wa kulalia, la kijivu, limesokotana, linachuruzika maji ya kijani. Tuliliweka kwenye jani la mgomba, mimi nikalichambua kwa mikono, maana ndiyo kazi niliyofundishwa. Vifuko vya sukari. Vifuko vya barafu vya watoto. Ngozi ya pampasi. Nyuzi za salfeti. Barakoa. Serikali ilishapiga marufuku mifuko ya plastiki siku nyingi, na kweli mifuko yenyewe haikuwamo. Ndugu zake walikuwamo wote. Katikati kabisa kulikuwa na kipande cha kitambaa cha njano. Kilikuwa cha pazia langu la zamani. Nilichana lile pazia vipande, nikawa nafungia midomo ya salfeti zangu zinazooza, ili vijana wasizichanganye.

Na ndama alikuwamo. Jike. Mama aliona, akatoka bandani akaenda kusimama kwenye kahawa, akatupa mgongo. Hakulia. Alikuwa anang'oa majani makavu moja moja kwenye miti, kama siku yoyote.

Sasa mtu ataniambia, "Wewe mwenyewe ndiye uliyeagiza." Nimeshaambiwa. Ndiyo maana nilikaa kwa mama mpaka kesho yake, siku ya gari. Nilitaka kuona kwa macho yangu kitambaa changu kilifikaje kwenye tumbo la ng'ombe wa mwanangu wakati salfeti yangu ilifungwa.

Gari lilikuja likinguruma, limejaa mpaka juu, limefunikwa wavu. Msimamizi hakuniona, nilikuwa nimesimama nyuma ya ua wa mama. Vijana wawili wakapanda juu ya mzigo. Mmoja akashika salfeti tupu, mwingine akachota kwa uma wa samadi. Kilichokuwa juu ndicho kilichoingia. Ganda, chupa, jani la kabichi, nailoni, jivu, ganda. Salfeti ilipojaa, akaitupia maganda machache mdomoni, akaokota kamba palepale kwenye taka akafunga. Ile kamba ilikuwa kitambaa changu kingine.

Kumbe huko mjini, tukishaingia ndani na kufunga mlango, kila salfeti inafunguliwa inamwagwa kwenye gari, iliyochambuliwa na isiyochambuliwa, ili mzigo ushindilike na salfeti zikauzwe.

Nikatoka.

"Shikamoo, kaka."

Alishtuka. Mimi simwamkii mtu kama yeye, na alijua.

"Aa, Mama Mazingira! Umekuja kusalimia bibi?"

"Nimekuja kuzika ng'ombe."

Vijana waliacha kuchota. Mmoja akavua kofia. Msimamizi akajikuna shingo.

"Pole sana, dada. Magonjwa mengi siku hizi."

"Ugonjwa wenyewe huo hapo kwenye uma."

"Sasa dada, tuelewane. Gari hili halina vyumba. Ukitaka chumba cha ganda na chumba cha chupa, nunua treni."

"Kwa nini basi mnatuambia tuchambue?"

"Mimi sijawahi kukuambia. Waulize waliokuambia. Mimi naambiwa beba, nabeba." Kisha akaongeza, kama mtu anayetoa faraja, "Na wengine wanalisha hizihizi, ng'ombe wao hawafi."

"Bado," mama akasema.

Alikuwa amekuja nyuma yangu, panga la majani mkononi. Hakulinyanyua. Akamuuliza jambo ambalo mimi kwa hasira zangu zote sikuwa nimelifikiria.

"Mwanangu, na haya yanayobaki mnayapeleka wapi?"

Yule bwana akaonyesha kwa kidevu juu, kule korongo linakoingia msituni. Mama akafuata kidevu kile kwa macho. Akaurudisha uso polepole, akauteremsha kwenye mfereji unaopita chini ya migomba yake, ule anaochotea maji ya kupikia. Gari likaondoka likipanda.

Ng'ombe tulimzika kwenye migomba, yeye na ndama wake. Nilipotaka kulisukumia lile bonge shimoni, mama akanishika mkono.

"Hilo si langu. Lirudishe lilikotoka."

Nikalirudisha. Nilishuka nalo ndani ya salfeti mbili, mtoto mgongoni, watu njiani wakisogea kwa harufu.

Mkutano wa mtaa uliofuata niliwahi mapema nikakaa mbele. Bwana afya akasema uchambuzi unakwenda vizuri, mtaa wetu ni wa mfano. Watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga, mara moja tu, halafu nikanyanyuka nikaweka salfeti yangu juu ya meza yake, kwenye daftari la mahudhurio.

"Mama, hii nini?"

"Taka za Kijenge. Nimezirudisha."

Watu wakacheka. Mzee mmoja nyuma akasema, "Huyu leo kaamka na lake." Nikafungua salfeti. Kicheko kikaisha mstari kwa mstari, kadiri harufu ilivyokuwa inatembea. Nikaeleza. Sikueleza kwa adabu, sitaki kudanganya. Nilitaja hori, nikataja uma, nikataja ndama. Nikawaambia kila mwenye pampasi ndani ya nyumba yetu aje achague yake.

Mwenyekiti akasema tumeelewa, mama, hoja yako imepokelewa. Sasa hiyo taka itoe nje, Alhamisi gari litapita lichukue.

"Lichukue lipeleke wapi?"

Mwenyekiti akamwangalia bwana afya. Bwana afya akasogeza daftari lake mbali na salfeti.

"Panapohusika," akasema.

Alhamisi gari lilipita. Vijana walewale. Yule wa utani wa pilau hakuleta utani, alinyoosha mikono kama mtu anayepokea mtoto. Nilitaka kumpa lile bonge. Mkono ulikuwa umeshanyanyuka. Nikaona lile korongo, na mfereji, na mama na ndoo yake. Nikarudi nalo ndani.

Liko nyuma ya mlango mpaka leo, ndani ya ndoo yenye mfuniko. Mama mwenye nyumba ameniambia nichague, nitoke mimi au litoke hilo bonge. Nimemwambia anionyeshe pa kulipeleka, nitalipeleka hata saa hii. Bado hajanionyesha.

Kidumu cha maziwa kimekauka, nimekigeuza kuwa cha mafuta ya taa. Mtoto anakunywa ya dukani sasa, yale ya kwenye kifuko. Jana asubuhi nilikata pembe ya kifuko kwa meno, nikammiminia kikombeni. Akanywa, akanirudishia kikombe, akaona kifuko bado kiko mkononi mwangu.

"Mama, hicho kinaoza au hakiozi?"

"Hakiozi."

"Tukiweke wapi?"

Nikafungua ile ndoo nyuma ya mlango, nikakitia humo.